Kamusi ya Oxford kwa Wanafunzi: Tathmini kwa Kipimo cha Maneno ya Mshangao

Oxford Advanced Learner's Dictionary ni kamusi iliyotungwa kwa ajili ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Chimbuko lake ni Japani, ambako A. S. Hornby alikuwa akifundisha. Kazi yake na wenzake ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford University Press ikaitoa upya mwaka 1948. Toleo la kumi lilitoka mwaka 2020, na tovuti yake inasomwa bila malipo. Nimeipima kwa eneo moja dogo linalowasumbua wanafunzi wa sekondari na hata sisi walimu wao, yaani maneno ya kuonyesha mshangao, kwa sababu hapo ndipo kamusi za lugha mbili huishiwa nguvu: mtu akitafuta “amaze”, “astonish” au “astound”, kwa kawaida huambulia “shangaza” na “staajabisha” kwa yote matatu, kisha huachwa aamue mwenyewe.

Kamusi hii haimwachi hivyo. Chini ya “surprise” kuna kisanduku cha visawe kinachoyakusanya maneno ya ukoo huo na kueleza tofauti zake kwa Kiingereza chepesi, kwa kuwa fasili zake huandikwa kwa kutegemea orodha ya maneno ya msingi. “Startle” ni mshangao wa ghafla wenye chembe ya hofu, kama wa mtu aliyeguswa bega gizani. “Astound” ni mshangao mkubwa unaoweza kufikia mshtuko. Kuhusu “amaze” na “astonish”, kamusi inakiri kwamba mara nyingi lolote kati ya hayo mawili linafaa, ila jambo likimshangaza mtu na kumtia aibu papo hapo, “astonish” ndilo la kawaida zaidi. Sijapata kuona kitabu cha kiada kinachofika kwenye undani huo. Suala la viongezi, yaani maneno ya kutia mkazo kama “very”, limeachwa kwa jitihada ya msomaji. Wenye lugha husema “very surprised”, lakini “astounded” tayari lina uzito wake, kwa hiyo huongezewa “absolutely” na ni nadra kuongezewa “very”. Mifano ya sentensi huonyesha mwelekeo huo kwa anayeisoma kwa utulivu, na wanafunzi wanaosoma mifano kwa utulivu, tukubaliane, ni wachache.

Kuna jambo ambalo kamusi haikuandikiwa kulijua, nalo ni faida aliyonayo Mswahili. Kosa la kuandika “I am surprising” kwa maana ya “nimeshangaa” halipaswi kumtatiza mtu ambaye tangu utotoni hutenganisha “shangaa” na “shangaza”, au “staajabu” na “staajabisha”. Aliyeshangaa ni “surprised”. Kilichomshangaza ni “surprising”. Kamusi huviweka vivumishi hivyo kama vidahizo viwili tofauti, yaani maneno mawili yanayofasiliwa kila moja peke yake, kila kimoja na mifano yake, na mwalimu akiviweka sambamba na vitenzi vyetu, somo linaeleweka haraka kuliko kwa maelezo marefu ya sarufi ya Kiingereza.

Thamani kubwa zaidi ya kamusi hii, kwa maoni yangu, imo katika alama ndogo zinazotangulia fasili. Katika maneno ya mshangao, hatari ya kukosea maana ni ndogo kuliko hatari ya kukosea umri wa neno na mahali pake. “Gosh” na “crikey” zimewekewa alama ya kuwa ni za kizamani, na kijana anayezitumia leo atasikika kama babu wa Kiingereza. “Blimey” na “gobsmacked” ni za mazungumzo, tena za Uingereza, hivyo Mmarekani anaweza kuzisikia kama kichekesho. “Flabbergasted” nayo ni ya mazungumzo licha ya urefu wake. Nimeisoma katika barua rasmi, nadhani kwa sababu mwandishi aliamini kwamba neno refu lazima liwe la heshima. Kubwa kuliko yote ni tahadhari iliyowekwa kwenye “My God!”, kwamba baadhi ya watu huchukizwa nayo. Mswahili anayesema “Mungu wangu!” au “Yarabi!” anamlilia Mola wake na hakuna anayemkemea, kwa hiyo huihamishia desturi hiyo kwenye Kiingereza bila wasiwasi, hata akiwa mbele ya Wakristo wa Kiingereza ambao huona kuwa jina la Mungu limetajwa bure. Kwa watu hao, “Goodness!” au “Wow!” haileti shida.

Upungufu wake ni wa sauti. Kwenye tovuti ya bure, kitufe cha matamshi hutoa neno peke yake, kwa lafudhi ya Uingereza na ya Marekani, likiwa limetamkwa wazi na kwa ubaridi. Hiyo inatosha kwa “table”. Haitoshi kwa “Really?”, ambalo linaweza kuwa mshangao wa kweli, shaka, au dalili kwamba msikilizaji amechoka na hadithi yako, kutegemea jinsi sauti inavyopanda au kushuka. “You don't say!” limeelezwa kwa usahihi kwamba mara nyingi husemwa kwa kejeli, lakini limewekwa kati ya nahau, mwishoni mwa kidahizo kirefu cha “say”, na hakuna njia ya kuisikia kejeli yenyewe. Matangazo ya biashara kwenye ukurasa pia hula bando, ingawa hilo ni jambo dogo kwa huduma isiyodai ada.

Ninaipendekeza kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na kuendelea, na kwa mwalimu yeyote anayesahihisha insha. Walio katika vidato vya chini watalemewa, kwa kuwa maelezo yote ni ya Kiingereza, na kwao kamusi ya lugha mbili bado inafaa zaidi. Shule isiyo na intaneti inaweza kununua nakala ya karatasi, ambayo ni nzito na ni ghali, lakini ina visanduku vya visawe na alama hizo za matumizi. Kwa upande wa sauti, mwalimu atalazimika kuwasikilizisha wanafunzi wake redio ya Kiingereza, hasa vipindi vya mahojiano ambamo watu hushangaa bila kusoma karatasi.