Copernicus Browser na picha za Sentinel-2: achana na rangi ya kawaida kwanza

Watu wengi wakifungua Copernicus Browser, ile tovuti ya kutazama picha za setelaiti za Ulaya, mara ya kwanza wanazumu kidogo, wanafunga, wanasema mbona picha zina ukungu kuliko za Google Earth. Ni kweli bana, pikseli (kidoti kimoja cha picha) ya Sentinel-2, moja ya familia za setelaiti hizo, hata kwenye bendi zake bora ni mita 10 kwa 10, gari huoni, na kanjia kembamba unakaona kwa kubahatisha tu. Ila hii kitu haikutengenezwa ili uhesabu mapaa, utamu wake uko kwenye bendi, yaani aina za mwanga ambazo kila moja inapigwa picha peke yake, ziko 13 na nyingi zinashika mwanga ambao jicho la mtu haliuoni.

Mi nikifungua tu nahamia rangi bandia, yaani bendi 8 (infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho) inakaa kwenye nyekundu, 4 kwenye kijani, 3 kwenye bluu. Hapo majani yenye afya yanawaka nyekundu kwa sababu yanarudisha infraredi ya karibu kwa wingi sana, maji yanaifyonza karibu yote yanabaki meusi, udongo mtupu unakaa kijivu kijivu. Sasa kuna ile mito iliyohama njia zamani, kwenye rangi ya kawaida unaona mashamba tu hamna la ajabu, ukigeuza bendi unashtukia mkunjo mwekundu umejichora katikati kwa sababu mkondo wa zamani mara nyingi bado unatunza unyevu na mimea ya pale inanawiri kuliko jirani zake. Hiyo peke yake inatosha kunifanya nisilale.

Kwa maeneo yaliyoungua jaribu bendi 12, 8A na 4, mimea inabaki kijani alafu palipopita moto panatoka kahawia nyekundu, mpaka wake unaufuata vizuri tu. Theluji na mawingu nazo zinawasumbua watu maana zote nyeupe, angalia bendi 11, theluji inaingia giza na wingu la maji linabaki jeupe. Kazi imeisha.

Panaponiudhi ni kivuli cha wingu, aisee kinafanana na bwawa kabisa, na miamba ya lava nayo nyeusi vilevile, na mji ukiwa jirani na udongo mkavu unaanza kujiuliza mji umeishia wapi. Kwa hiyo usiamini picha ya siku moja. Setelaiti zikiwa mbili zinarudi palepale kila siku 5, fungua tarehe nyingine, bwawa litakuwepo na kivuli kitakuwa kimeondoka. Alafu kuna kile kichujio cha mawingu, watu wanakiweka asilimia 10 wanalalamika hamna picha, kumbe ile asilimia inahesabiwa kwenye kipande kizima cha kama kilomita 110 kwa 110, kinaweza kuwa kimejaa mawingu na eneo lako wewe likawa halina wingu hata moja! Mi naiachia mpaka 60 hivi nachagua kwa macho.

Kwenye viwango vya usindikaji wa picha chagua L2A sio L1C, L2A imeshaondolewa athari za hewa, L1C inakuwa na kaubluu fulani ka ukungu. Na kumbuka bendi 11 na 12 ni za mita 20, kijito chembamba usikitafute huko.

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja naibana kwa sababu kumbukumbu zinaanzia 2015 tu, setelaiti ya kwanza ilipopaa, ukitaka kuona ziwa lilivyokuwa miaka ya 80 inabidi uende Landsat, setelaiti za Marekani ambazo zinapiga picha tangu 1972, japo zile za siku hizi ni mita 30 na za mwanzoni ni hafifu zaidi. Kutazama ni bure bila akaunti, kudaunlodi faili za TIFF (faili za picha) za kupeleka QGIS, programu ya ramani, ndo inabidi ujisajili, nako ni bure, ila chagua eneo dogo kwanza maana kipande kizima kitakumalizia bando.