Mguu wangu umepona, ila usiku ule sijausamehe

Nilikusudia kuisifu hospitali hii bila kuipunguzia kitu, kwa sababu nilifikishwa hapo mguu wa kushoto ukiwa umepauka, wa baridi kuanzia gotini kwenda chini, vidole vimekufa ganzi, na leo ninaukanyagia. Hata hivyo, kadiri ninavyoandika ndivyo hasira inavyonipanda, kwa hiyo msomaji anivumilie.

Sifa zao ni za haki. Daktari wa zamu alipapasa mapigo nyuma ya goti na juu ya unyayo, hakuyapata, na wala hakunipotezea muda kwa habari za baridi yabisi na dawa ya kuchua, kama nilivyoambiwa kwenye zahanati ya mtaani kwetu hapa Dar es Salaam. Alieleza kwamba bonge la damu lilikuwa limetoka kwenye moyo wangu, ambao kwa miaka kadhaa umekuwa ukipiga bila mpangilio, likaenda kuziba ateri ya paja, na kwamba misuli isiyopata damu huanza kufa baada ya saa chache. Kwa kuwa bado niliweza kuchezesha vidole, alisema tungeweza kujaribu mrija kabla ya kufikiria kisu. Waliingilia kinena cha kulia, upande wa mguu mzima, wakaupandisha mrija hadi pale mshipa mkuu wa tumboni unapogawanyika, wakaushusha upande wa pili mpaka ndani ya bonge lenyewe, kisha dawa ya kuliyeyusha ikaachwa iingie humo polepole kwa usiku kucha. Yote niliyaona kwenye skrini nikiwa macho, na kilichonishtua ni lile joto la dawa ya picha lilipokuwa likishuka mguuni. Kwa kazi hiyo sina neno.

Shida ilikuwa usiku. Anayewekewa dawa hii hulazwa chali bila kukunja mguu wenye mrija, na ni lazima atazamwe mara kwa mara, kwa maana dawa inayoyeyusha bonge ndiyo hiyo hiyo inayoweza kufungua damu pale sindano ilipopita, au nyuma ya tumbo mahali ambapo jicho halioni, au, Mungu aepushie mbali, kwenye ubongo. Daktari aliagiza mbele yangu kwamba kinena kifunuliwe na kukaguliwa, na mapigo ya unyayo yapimwe, hadi kupambazuke. Muuguzi alikuja mara moja, akajaza karatasi, akaondoka. Baadaye nikahisi uvuguvugu chini ya paja. Nilibonyeza kengele, nikangoja, nikabonyeza tena. Alipofika alisimama miguuni pa kitanda na, bila kugusa shuka, akasema kwa sauti iliyowafikia wagonjwa wenzangu wote: "Mzee, si ungesema mapema nikuletee chupa? Sasa umeshajikojolea."

Nikamwambia, "Binti yangu, huu si mkojo. Funua utazame."

Akajibu kwamba shuka hubadilishwa asubuhi, akaenda zake.

Aliyeniokoa ni mama wa usafi aliyekuwa akipita na ndoo yake, akaona wekundu kwenye pindo la shuka, akapiga kelele. Daktari alikuja mbio, akasimamisha dawa, akakandamiza kinena kwa mikono yake miwili kwa muda mrefu mpaka jasho likamtoka. Asubuhi picha ilionyesha kwamba bonge lilikuwa limeyeyuka karibu lote, na kipande kilichosalia walikifyonza kwa mrija.

Nilipolalamika, msimamizi wa wodi aliniambia kwa upole wa kuudhi kwamba dawa huwachanganya akili wazee. Mimi nilikuwa na akili zangu timamu. Ni shuka ambalo halikufunuliwa. Mwaka 1964 huko Portland, Marekani, daktari Charles Dotter alipitisha mirija katika ateri ya mguu wa bibi wa miaka 82 akauokoa usikatwe, bila mitambo ya thamani kama niliyoiona mimi. Miaka 60 baadaye mitambo tunayo, halafu mtu anashindwa kuinua shuka! Na kwenye bili, gharama ya uangalizi maalumu wa usiku ule imeandikwa kamili, haikupunguzwa hata senti.

Nilianza na nyota nne, nimezifuta. Nikaweka moja, nikaukumbuka ule mguu wa baridi na yule daktari aliyetokwa jasho, nikaona ninamdhulumu. Nimeweka tatu kwa shingo upande. Ndugu yangu akipatwa na jambo kama hili nitampeleka hapo hapo bila kusubiri kuche, lakini nitalala pembeni ya kitanda chake, na wakiniambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha, waniitie mlinzi.