Ushauri nasaha kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito: nyota nne

Kliniki siitaji, kwa sababu naongelea huduma yao moja tu: vikao vya ushauri nasaha ambavyo kila mgonjwa lazima apitie kabla hajapangiwa siku ya upasuaji.

Nilidhani wanataka kujua kama nina akili timamu. Kumbe swali la kwanza la mshauri lilikuwa, "Mpaka sasa umemwambia nani, na alisemaje?" Nikamwaga yote. Shangazi alisema nifunge mdomo tu nitapungua. Mfanyakazi mwenzangu alisema natafuta njia ya mkato. Mama hakupinga, ila kila tukiongea lazima amtaje mtu aliyefia kwenye operesheni.

Hapo ndipo huduma hii ilipopata nyota zake. Mshauri hakunipoza kwa maneno matamu. Aliniuliza nani atanihudumia zile wiki za mwanzo za kunywa vimiminika tu. Huyo ajue kila kitu. Wengine je, wana kazi gani na habari hii? Wengi nilikosa jibu lao, basi sikuwaambia. Hata karatasi ya mapumziko kazini waliandika "upasuaji wa tumbo", nukta.

Na walinifundisha kwa undani. Mimi nimekatwa tumbo kwa mtindo wa mfuko mwembamba, ambapo takribani robo tatu ya tumbo au zaidi huondolewa, pamoja na sehemu inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini. Kwa hiyo njaa yenyewe inabadilika, si ukubwa wa tumbo peke yake. Nilimweleza shangazi haya yote kwa utulivu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, lakini ungefunga mdomo." Mshauri alishanionya kwamba wapo wasioshawishika, na kwamba si kazi yangu kuwashawishi.

Kikao cha familia ndicho kilichonikera. Mama alioneshwa slaidi kibao: utafiti wa Sweden ulioanza 1987, ambapo waliopasuliwa walionekana kuishi muda mrefu zaidi kwa wastani, na kwamba hatari ya kufa inakaribiana na ile ya kutolewa kibofu cha nyongo. Mambo ya kweli, lakini mama alitaka kujua kitu kimoja: likitokea la kutokea, nani atampigia simu? Ilibidi aulize mara mbili. Nyota moja imeondoka hapo.

Hawakunitayarisha vya kutosha kwa maneno ya baadaye, ambayo kwangu yaliuma kuliko ya mwanzo. Nywele zilipoanza kukatika, jambo la kawaida na la muda katika miezi ya mwanzo, walewale walioniita mnene wakaanza kuniuliza naumwa nini. "Sasa imetosha, uso umezeeka." Mgonjwa mwenzangu ambaye kilo kadhaa zimemrudia aliambiwa, "Si tulikwambia?" Kurudi kwa sehemu ya uzito huwapata wengi, na ningependa ndugu zetu walisikie hilo kwenye zile slaidi.

Ukienda, uliza kama vikao vinaendelea baada ya upasuaji. Kwao vipo, kwa anayeomba. Hakuna aliyenitangazia, nilisikia kwenye foleni ya kipimo cha damu cha vitamini na madini, kile tutakachopima maisha yetu yote.