Kozi ya bili za Marekani niliyosomea hapa Kigoma: somo la SNF ni moto, mengine mtajaza wenyewe

Wadau, jina la kozi silitaji maana nina malalamiko nayo, ila kama uko kwenye magrupu ya kazi za onlaini tangazo lake lishakupitia mara kibao, wale wanaosema utakaa kwako Ujiji unaandaa bili za madaktari wa Marekani unalipwa dola. Mimi nashughulika na madai ya NHIF kwenye zahanati moja hapa mjini, nikajua nitateleza tu. Wapi.

Kilichonifanya nisidai hela yangu ni somo moja, la mgonjwa wa SNF anayepelekwa kliniki kumuona daktari. SNF ni zile nyumba za uuguzi, mtu katoka operesheni anakaa humo anafanyishwa mazoezi mpaka apate nguvu. Medicare, bima yao ya serikali ambayo wengi wake ni wazee wa miaka 65 kwenda juu, kwa kawaida inataka awe amelazwa hospitali siku 3 mfululizo ndo imlipie huko, mwisho siku 100, zile 20 za kwanza hachangii kitu, kuanzia ya 21 mfuko unaanza kutoboka.

Sasa ndani ya hizo siku nyumba inalipwa hela ya jumla kwa siku, na kwa sheria yao ya 1997 karibu kila kitu kimo humo. Mgonjwa akipelekwa kwa daktari wa mifupa, ile kumuona daktari yenyewe inadaiwa Medicare Sehemu B, ile inayolipia madaktari na huduma za nje ya kulazwa, kama kawaida. Shughuli inaanza akipigwa eksirei pale pale, kuisoma picha ni kazi ya daktari, unaweka alama ya 26 unatuma Medicare, ila kuipiga, yaani mashine na fundi wake, bili inaenda kwa SNF na wao ndo wamlipe daktari. Ukituma yote Medicare upande wa mashine wanaukataa. Vipimo vya damu, SNF. Sindano aliyochoma nesi wa daktari, SNF. Ni kama mwanafunzi wa bweni, ada ishalipia msosi, akila kwa mama ntilie mama aende akadai shule, na kama hawakukubaliana bei mapema hapo ndo kelele zinapoanza.

CT skani ndo iliniacha hoi. Ikifanyika hospitali kwa wagonjwa wa nje, hospitali inaidai Medicare moja kwa moja. Skani hiyo hiyo ikifanyika kliniki ya daktari, upande wa mashine unaangukia SNF! Nilibishana na mwalimu karibu kipindi kizima mpaka akafungua mwongozo tukasoma wote. Na siku zikiisha daktari anarudi kudai Sehemu B vitu vingi, isipokuwa fiziotherapia na tiba za aina yake, hizo bado zinapitia SNF. Mwalimu kwa kweli anajua kazi, anarudia hadi kero: kabla ya yote uliza mgonjwa analala wapi na leo kitanda chake nani analipia.

Malalamiko sasa. Darasa la laivu ni saa mbili usiku, sawa, lakini Novemba Wamarekani wakarudisha saa zao nyuma likahamia saa tatu na hakuna aliyetuambia, tukakaa tunaangalia skrini tupu bando linaliwa. Programu ya kuandalia bili tumeonyeshwa kwenye picha tu, hujawahi kuigusa unaambiwa umehitimu. Na ile "ajira ya uhakika" isikieni hivyo hivyo, kampuni nyingi zinauliza cheti cha CPC, kile cha Kimarekani cha kuweka kodi za bili za matibabu, ambacho mtihani wake unalipia mwenyewe, kwa dola, nje ya ada, na hilo kwenye tangazo halipo kabisa.

Nyota tatu. Wa Tabora mlioniuliza inbox, ndiyo wanapokea ada kwa awamu mbili, ila video pakueni mapema maana kozi ikiisha wanafunga akaunti.