Kozi ya chuo kwa masomo ya mbali: ulipie ya kujisomea au yenye mhadhiri?

Ukiona tangazo la chuo limeandika "soma kwa muda wako", swali la kwanza ni hili: na mitihani je, nayo ni kwa muda wangu? Mara nyingi sivyo. Tangazo hilohilo linaweza kuwa linauza kozi ambayo hutamwona mhadhiri hata siku moja, au kozi yenye kazi ya kukusanya kila wiki, au darasa la Zoom kila Jumanne jioni. Ada zinaweza kukaribiana, lakini maisha utakayoishi kwa muhula mzima hayafanani kabisa.

Mimi nazipanga kwa kigezo kimoja kuliko vyote: nani atakusukuma usome, na nani atasahihisha ulichoandika. Notsi na video siku hizi zimejaa mtandaoni bure, kwa hiyo ada unayotoa inanunua tarehe za mwisho, macho ya mtu anayesoma kazi yako, na cheti kinachotambulika. Chuo kisichokupa hivyo kinakuuzia vitu ambavyo ungevipakua mwenyewe.

1. Yenye mhadhiri na ratiba ya wiki, bila darasa la mubashara

Hii ndiyo ningemshauri mtu mwenye kazi na familia aianzie. Kila wiki kuna usomaji, kuna mjadala wa maandishi, kuna kazi ya kukusanya. Saa ya kusoma unachagua wewe, alfajiri au watoto wakishalala, ila wiki haikusubiri.

University of the People, iliyoanzishwa mwaka 2009, inafanya kazi hivyo. Muhula wao una wiki tisa, na kila wiki hufungwa Jumatano usiku kwa saa za kwao, ambazo kwa Dar es Salaam au Nairobi ni Alhamisi asubuhi, karibu saa mbili. Usidharau jambo hilo dogo, maana ukiwahi kusoma tarehe bila kubadilisha saa unaweza kupanga muhula wako wote vibaya. Wanatangaza kwamba hawatozi ada ya masomo, na ni kweli, lakini kuna ada ya maombi na ada ya tathmini kwa kila kozi. Zidisha kwa idadi ya kozi za shahada nzima ndipo uone gharama halisi.

Kasoro yake ni kwamba sehemu ya kazi imekuwa ikisahihishwa na wanafunzi wenzako. Ukiangukia kundi la watu wanaotoa alama bila kusoma, utaumia. Mhadhiri yupo, ila usidhani ni yeye anayesoma kila aya yako. Kama unasomea fani inayohitaji uandishi wa kina, tafuta chuo cha muundo huu ambacho wahadhiri wake wanasahihisha wenyewe, hata kama ada itapanda.

2. Chuo huria chenye kituo karibu nawe

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani. Unasoma mwenyewe, vifaa vinawekwa kwenye Moodle (mfumo wa masomo wa mtandaoni), kisha kuna vipindi vya ana kwa ana na mitihani ya kukaa chumbani. Ada inakwenda kwa yuniti, jambo linalomfaa mtu ambaye mwaka huu ana hela ya yuniti nne na mwakani labda nane.

Nimeiweka ya pili kwa sababu kati ya kipindi kimoja cha ana kwa ana na kingine uko peke yako, na hapo ndipo sapu, yaani mitihani ya marudio, zinapozaliwa. Wanaovuka salama, kwa ninavyowaona, ni wenye kundi la WhatsApp la watu watano sita wa kozi ileile wanaokutana kituoni hata wakati hakuna ratiba. Kabla hujajiandikisha, fika kituoni kwako ujionee kama kuna watu. Kituo kinachofunguliwa wakati wa mitihani tu hakitakusaidia.

Kenya nayo ilipata chuo kikuu huria cha umma mwaka 2023, makao yake Konza. Bado ni kichanga, lakini kwa Mkenya ambaye chaguo lake jingine ni chuo cha nje asichokijua, ningekiangalia kwanza.

3. Darasa la mubashara

Kwa hesabu, uhasibu, takwimu na lugha, hii inapanda hadi nafasi ya kwanza. Ukikwama kwenye mlinganyo unahitaji mtu wa kukuonyesha mstari uliokosea sasa hivi, kabla hujajenga mwingine juu yake.

Kwa fani nyingine piga hesabu ya bando. Darasa la saa mbili mara mbili kwa wiki, muhula wa wiki 15, ni saa 60, na saa moja ya Zoom yenye video inaweza kula gigabaiti moja au zaidi. Ongeza umeme unaokatika saa moja jioni na bosi anayekumbuka kazi ya dharura saa kumi na moja na nusu. Uliza kama vipindi vinarekodiwa na kama mahudhurio yana alama. Majibu yakiwa hapana na ndiyo, kwa mpangilio huo, mtu wa zamu aachane nayo.

4. Kujisomea kabisa, kwa kulipia

Athabasca University ya Canada ni mfano mzuri. Kozi zake nyingi za shahada ya kwanza unaanza tarehe mosi ya mwezi wowote, unapewa miezi sita kumaliza kozi ya krediti tatu, na ukichelewa unanunua nyongeza ya muda. Hiyo nyongeza ndiyo mtego. Miezi sita inaonekana mingi mpaka mwezi wa tano.

Hata hivyo kuna watu ambao kwao hii ingekuwa ya kwanza bila ubishi. Muuguzi ambaye zamu zake hubadilika kila wiki. Baharia. Mhasibu wa miaka kumi ambaye nusu ya mtaala anaijua tayari na anataka karatasi tu. Huyo kumkalisha wiki 15 ni kumtoza muda bure. Kama wewe si mmoja wao, jiulize mara ya mwisho ulimaliza lini kitu kirefu bila mtu kukudai.

5. Kozi huria za mtandaoni

Coursera na edX zilianza mwaka 2012 na zimejaa vitu vizuri kweli, lakini takwimu zake zinatisha. Uchambuzi wa kozi za Harvard na MIT kwenye edX, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019, ulikuta kwamba mwaka 2017–18 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu ya washiriki wote. Kati ya waliolipia cheti, walimaliza asilimia 46. Pesa inasukuma, ila hata hao zaidi ya nusu hawakufika.

Mimi nazitumia kama kipimo. Chukua kozi moja ya bure katika fani unayoitaka, ifuate wiki nne bila kumwambia mtu. Ukifika wiki ya nne ukiwa na kazi zote umefanya, namba nne hapo juu inakufaa na huenda utaokoa hela. Ukiwa umeishia wiki ya pili, rudi namba moja.

Kabla ya kutuma ada, kwa chuo chochote kile, hakikisha cheti kitatambulika: Tanzania waulize TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), Kenya anzia CUE (tume ya elimu ya vyuo vikuu). Halafu andikia ofisi ya udahili barua pepe uulize mtihani unafanyikia wapi, kazi husahihishwa na nani na hurudi baada ya siku ngapi, na ada inakuwaje ukiahirisha muhula. Hilo la mwisho ulipate kwa maandishi, na utunze barua pepe hiyo pamoja na risiti.