Uzoefu wangu kutafuta nesi wa nyumbani kwa mtoto wa mrija (Dar)

Naandika hii kwa wazazi wenye watoto kama wangu, maana mimi nilivyokuwa natafuta sikupata mtu wa kunieleza. Mwanangu ana miaka 4, ana mtindio wa ubongo na kifafa, kumeza hawezi vizuri kwa hiyo anakula kwa mrija wa puani namba 8, na usiku makohozi yanamjaa inabidi tumvute na sakshen, yaani mashine ya kunyonya makohozi. Tuliporuhusiwa wodini masista walinifundisha kila kitu, nawashukuru sana, ila baba yake ni dereva wa malori, wiki mbili yupo wiki tatu hayupo, na mtu huwezi kukesha kila siku. Ilifika mahali nasinzia sirinji ipo mkononi.

Kampuni ya kwanza niliipata mtandaoni. Wakasema 25,000 kwa usiku na wote ni manesi. Dada aliyekuja mpole, ana heshima, hata mama mkwe alimsifia, lakini usiku ule ule namuona anafungua mrija anataka kumimina uji moja kwa moja. Hajaangalia alama ya pale puani kama mrija umesogea, hajavuta na sirinji aone kinachorudi, hajapima. Jamani, mrija ukichomoka ukaelekea njia ya hewa ule uji unaenda kwenye mapafu! Nikamuuliza dada yangu, leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga naweza kuiona? Akaanza kulia. Kumbe alisoma kozi ya miezi mitatu ya kuhudumia wazee. Mimi simlaumu yeye, nawalaumu waliompeleka kwa mtoto wa mrija wakaniambia ni nesi. Nikampa nauli tukaagana vizuri, hela niliyotanguliza kwenye kampuni mpaka leo sijarudishiwa.

Ndo nikarudi kliniki anakotibiwa nikauliza masista wenyewe, wakaniunganisha na manesi wachache wanaofanya huduma za majumbani. Hawa nawapa nyota nne. Sista alikuja kwanza mchana, bila malipo, leseni akaitoa mwenyewe kabla sijaomba, akakaa masaa mawili ananiuliza tu: degedege huwa linamjia muda gani, likipita dakika tano unafanyaje, fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, anakunywa saa ngapi, saa tisa usiku mtafika hospitali kwa usafiri gani. Alafu akauliza umeme ukikatika sakshen mnatumia nini, na hapo sikuwa na jibu, nilikuwa naomba Mungu tu usikatike. Akanielekeza nitafute ile pampu ya kukanyaga kwa mguu. Wiki ya tatu umeme ukakatika saa nane usiku, tukakanyaga kwa zamu mpaka alfajiri na mtoto akapumua vizuri.

Anavyolisha sasa, yaani hata mimi nimejifunza upya. Kila mlo anaangalia alama, anavuta kidogo, anagusisha kwenye karatasi ya kupimia asidi, isiposoma 5.5 au chini halishi, anasubiri anarudia. Uji anauacha ushuke wenyewe, hausukumi. Akimaliza anapitisha maji kidogo mrija usizibe, alafu mtoto anabaki ameinuliwa nusu saa nzima hata kama amesinzia. Na anaongea naye muda wote, "sasa mwanangu tunakula", kama mtoto anayejibu. Mwanangu anamgeuzia macho.

Bei ni 40,000 kwa zamu, saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi. Tunachukua usiku tatu kwa wiki, inakuja kama laki nne na themanini kwa mwezi, bima yetu haikuchangia hata shilingi, tumesimamisha ujenzi. Mwenye uwezo mdogo anaweza kuomba usiku mmoja tu, wanakubali.

Nyota moja nimeikata kwa sababu hawana mtu wa akiba. Sista alipougua niliambiwa saa kumi na mbili jioni, wakati nilikuwa na siku mbili sijalala, na hakuna mwingine anayemjua mwanangu. Nimewaambia, wamesema wanatafuta. Kwa sasa nimemuomba sista amfundishe mdogo wangu anayekaa hapa, ameshamsimamia milo sita, bado sakshen anaiogopa.