Darasa la jioni la matamshi ya Kiingereza, Mwanga, Kigoma

Waongoza watalii wanaopeleka wageni Gombe na Mahale hulihitaji neno “comfortable” karibu kila siku, kuanzia mgeni anapoketi kwenye boti, na wengi wetu huku Kigoma hulitamka kwa silabi nne kamili, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo katika maneno yetu. Mgeni aliyezoea kuusikia mkazo huo mwanzoni huuliza tena. Darasa hili limenivutia kwa sababu linaanzia kwenye mkazo, wala si kwenye herufi.

Mwalimu aliandika “Kigoma” ubaoni, akatutaka tugonge meza tunapofika kwenye “go”. Kisha akaandika neno la Kiingereza na kutuelekeza tugonge mwanzoni kabisa, tuitamke “kamf” kwa nguvu na zilizobaki tuzipitie upesi kwa sauti hafifu, hadi likawa “kamf-ta-bl”, bila irabu yoyote kati ya f na t. Kazi kubwa iko mwishoni, kwa kuwa ndimi zetu zimezoea kumalizia neno kwa irabu, nasi husema “bo” au “bolu”. Hapo alituzoeza kuiacha ncha ya ulimi imegusa ufizi nyuma ya meno ya juu, na sauti iishie papo hapo. “Vegetable” hufuata njia hiyo hiyo, na tulilimaliza haraka.

Wenzetu waliosoma Burundi na Kongo walikuwa na shida yao, maana wanalijua neno hili kwa Kifaransa, ambako ndiko Kiingereza kililitoa, na mkazo wa Kifaransa huangukia mwishoni. Mwalimu aliwasikiliza mmoja mmoja kwa subira, jambo ambalo ni adimu.

Nisilokubaliana nalo ni kwamba matamshi yanayofundishwa ni ya Uingereza peke yake. Wamarekani huitamka r, wakasema “kamf-ter-bl”, nao pia huja Gombe. Vilevile, aliyetamka silabi nne huku mkazo akiuweka mwanzoni alikosolewa, ilhali zipo kamusi zinazoyaorodhesha matamshi hayo.

Chumba ni kidogo na anayeketi nyuma haioni midomo ya mwalimu. Atakayejiunga awahi viti vya mbele, na wenye darasa wapunguze idadi ya wanafunzi kwa kila zamu kabla ya kiangazi, wageni wanapoongezeka.